Tupake rangi samani za zamani, tusizipake rangi aibu zake

 

Hivi karibuni, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma ya wenzake akaniuliza swali ambalo kwa mtazamo wa juu lilionekana dogo. Alisema: "Sheikh, marehemu mama yetu ametuachia kabati la vyombo la mninga. Limechakaa, milango imepauka, na mguu mmoja umeliwa na wadudu. Kaka zangu wanataka lipigwe rangi nyeusi ya kung'aa, liuzwe kwa kijana wa mtaani kwetu anayetarajia kuoa. Mimi roho inasita. Je, nina makosa?"

Muadhini alikuwa amekwisha kuanza kuadhini, nami nikamjibu kwa maneno machache: "Huna makosa. Kijana huyo na auone mguu kabla haujapakwa rangi." Tukaachana. Lakini swali lile sikuachana nalo. Lilinirudisha nyuma karibu miaka 40, kwenye kiti kimoja cha seremala mjini Tanga, na kwenye jambo ambalo sijapata kulieleza hadharani. Leo, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, nitalieleza.

Maoni yangu ni haya. Kukikarabati chombo cha zamani kwa rangi au vanishi ni jambo jema, na kwa familia nyingi ni bora kuliko kununua kipya. Hata hivyo rangi ina kazi mbili: inahifadhi na inaficha. Inapohifadhi mbao njema, ni ihsani. Inapoficha mbao mbovu machoni pa mnunuzi asiyejua, ni ghishi, hata kama fundi ni hodari na chombo kinapendeza.

Tusiwe wepesi wa kutupa

Tuanze na upande wa kheri. Imekuwa desturi katika nyumba zetu kwamba ndoa inapokaribia, au Idi inapobisha hodi, vyombo vya wazee hutolewa nje. Kitanda cha samadari, kasha la bibi, meza ya mvule, kabati la mninga: vyote huitwa vya kizamani. Mahali pake huletwa vyombo vya mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, vyenye sura ya kuvutia dukani. Havikosi manufaa yake, na asiye na uwezo wa kingine hana lawama. Lakini kila mama wa nyumba anajua yanayotokea maji yanapomwagika chini ya kabati la aina hiyo. Mbao hunywa maji, huvimba, hufumuka pembeni, na msumari haushiki tena. Chombo cha miaka mitatu kinakwenda jalalani, ilhali kabati la nyanya la miaka 50 lilikwisha kuuzwa kwa bei ya kuni.

Mninga hukua polepole sana katika misitu yetu ya miombo, na huhitaji miongo mingi kabla ya kutoa ubao wa kupasuliwa. Mvule nao ni hivyo hivyo. Mti ulioota kabla babu zetu hawajazaliwa, ukakatwa, ukachongwa na fundi aliyejua kuunganisha ulimi na tundu bila msumari, si jambo la heshima tukauchoma kwa sababu tu vanishi yake imepauka. Mwenyezi Mungu ametukataza ufujaji, na mwenye kutaka na arejee Surat Al-Israa, aya ya 26 na ya 27, aone wafujaji wametajwa kuwa ndugu wa nani.

Wala kukarabati si alama ya ufukara. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa juu ya mwenendo wa Mtume (S.A.W.) nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Useremala wenyewe ni kazi iliyotukuzwa, kwani katika mkusanyiko wa Imam Muslim imepokewa kwamba Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala. Kwa hiyo kijana anayeshika msasa na kulisugua kabati la mama yake hafanyi jambo la kumtia haya mbele ya wakwe.

Rangi ya kufunika na rangi ya kuzama

Ili hukumu ieleweke, sharti kwanza kazi yenyewe ieleweke. Mbao hupambwa kwa njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni rangi ya kufunika, yaani rangi ya mafuta au ya maji tuliyoizoea. Hii hukaa juu ya ubao kama ngozi. Huzuia unyevu, huleta weupe au kijani au weusi autakao mwenye nyumba, na chini yake hakuna kinachoonekana: si mishipa ya mbao, si kiraka, si tundu lililojazwa puti.

Njia ya pili ni rangi nyepesi inayozama. Hii hupakwa kwa kitambaa au brashi, huachwa kwa muda mfupi, kisha ziada yake hufutwa. Hubadilisha wajihi wa mbao, ikawa nyekundu zaidi au ya kahawia zaidi, lakini mishipa na mafundo yake hubaki yakionekana, na pengine huonekana zaidi kuliko awali. Yenyewe haina kinga ya kutosha, kwa hiyo juu yake hupakwa vanishi mara mbili au tatu, kila mkono ukiachwa ukauke na kusuguliwa kidogo kwa msasa laini kabla ya mkono unaofuata.

Rangi hii ya kuzama ina tabia moja ambayo mafundi wanaijua vyema: haielewani na puti. Ubao huinywa kwa namna moja na puti huipokea kwa namna nyingine. Pale palipojazwa pataonekana, hata fundi akichanganya rangi kwa ustadi. Haikubali pia ubao wenye vanishi ya zamani, kwani haiwezi kupenya. Ni lazima vanishi yote iondolewe hadi mbao tupu, kwa msasa wa namba 80 kwanza, kisha 120, kisha 180 au 220, daima kwa kufuata mkondo wa nyuzi, si kuukata. Anayefanya haraka atapata madoadoa. Kwa maneno mengine, rangi ya kuzama humlazimisha fundi aione mbao ilivyo, na humlazimisha mnunuzi aione pia. Rangi ya kufunika haimlazimishi yeyote. Humwachia fundi dhamana yote mikononi mwake, na hapo ndipo mtihani unapoanzia.

Sisemi kwamba rangi ya kufunika ni mbaya. Ziko mbao zisizo na uzuri wa kuonyeshwa, kama sindano yenye mafundo mengi. Kuna kitanda cha mtoto ambacho mama anakitaka kiwe cheupe, na kuna mlango unaopigwa na mvua. Hapo ipakwe na ipendeze. Ninachosema ni kwamba kabla ya kupaka, chombo kikaguliwe.

Ukaguzi na tahadhari

Kipindue chombo, utazame miguu, mgongo na sehemu ya ndani ya droo, kwani huko ndiko ukweli unakokaa. Gonga mbao kwa kifundo cha kidole: iliyo nzima hutoa sauti ya kujaa, iliyoliwa ndani hutoa sauti ya utupu. Choma kwa sindano pale unapopatilia shaka. Tandika kitambaa cheusi chini yake kwa siku kadhaa. Ukikuta unga mweupe mpya umedondoka, basi wadudu wangali hai ndani. Mara nyingi huanza katika ile mbao nyeupe ya pembeni ya gogo, kwani kiini chekundu cha mninga ni kigumu kwao. Sehemu iliyoliwa ikiwa ndogo, itiwe dawa ya wadudu wa mbao. Ikiwa inabeba uzito, kama mguu au mwimo wa kitanda, ikatwe na kuungwa kwa mbao mpya iliyo kavu. Puti ni ya kujaza tundu la msumari. Haiwezi kubeba mtu.

Tahadhari ya pili ni ya afya. Rangi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu risasi huathiri ubongo unaokua. Chombo kilichopakwa rangi miaka mingi iliyopita kisisuguliwe kikiwa kikavu, wala ndani ya chumba, wala uani watoto wakicheza. Kiloweshwe maji kidogo wakati wa kusugua, fundi afunike pua na mdomo, vumbi likusanywe kwa kitambaa chenye maji, na mama mjamzito asikae karibu. Matambara yaliyolowa mafuta ya kung'arishia mbao nayo yasirundikwe pembeni mwa nyumba. Yanaweza kupata joto yenyewe hata kuwaka moto. Yatandazwe nje yakauke, au yatumbukizwe katika ndoo ya maji kabla ya kutupwa.

Niliyoyafanya mimi

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi. Mwaka 1986, nikiwa kijana wa miaka 16, nilikuwa nikisoma madrasa asubuhi wakati wa likizo, na mchana nikimsaidia ami yangu katika karakana yake ya useremala. Kazi yangu ilikuwa msasa na brashi. Siku moja aliletewa kitanda cha zamani, akakinunua kwa bei ndogo ili akikarabati na kukiuza. Nilipokisugua, mguu mmoja wa upande wa kichwani ulibonyea chini ya kidole changu. Ndani ulikuwa umeliwa, umebaki ganda.

Nilimwita ami. Aliutazama, akaenda kuchukua puti, akanionyesha namna ya kuishindilia. Baada ya kukauka, nikausugua mguu ule hadi ukawa laini kuliko mingine mitatu. Kisha nikakipaka kitanda kizima rangi ya kahawia iliyoiva, mikono miwili, na vanishi juu yake. Ami akanisifu. Naam, nami niliona fahari.

Kilinunuliwa na mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akimwoza binti yake. Alikipapasa, akauliza: "Fundi, kitadumu hiki?" Ami akamjibu: "Mama, si unakiona mwenyewe?" Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, brashi mkononi. Nilinyamaza.

Haukupita mwaka, mama yule akarejea. Mguu ulikuwa umevunjika usiku. Ami akamwambia kuwa alikiona akakinunua, na kwamba chombo kikishatoka karakanani hakina marejeo. Mama hakugombana. Aliondoka kimya, na mimi nikaendelea na kazi.

Miaka kadhaa baadaye nilikaa mbele ya mwalimu wangu tukisoma mlango wa biashara katika fiqhi. Tulifika mahali panapozungumzia mnyama ambaye mwenyewe huacha kumkamua kwa siku kadhaa, kiwele kikajaa, ili mnunuzi amdhanie kuwa ana maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) alilikataza hilo, na akampa mnunuzi hiari ya kubaki na mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Mwalimu aliendelea kusoma, nami sikusikia tena. Niliuona ule mguu. Kiwele kilichojazwa na mguu ulioshindiliwa puti nilikuta havina tofauti: kimoja kimejaa maziwa ya siku tatu, kingine kimejaa unga na gundi, na vyote viwili vimeandaliwa kwa ajili ya jicho la mnunuzi.

Nilimtafuta mama yule. Alikuwa amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilimpata binti yake, naye tayari ni mama wa watoto. Nilimweleza yote na kumkabidhi fedha, kwa kuwa haki ya marehemu hurithiwa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh wangu, fedha ni kidogo. Mimi kule ukweni niliambiwa nimekuja na kitanda kibovu kwa sababu mama yangu hakunithamini. Mama mwenyewe niliwahi kumlaumu. Kumbe naye alidanganywa." Alinisamehe. Lakini mama yake alikwisha kuondoka duniani akiwa na lawama ile ya binti yake, na hilo sina fedha ya kulilipa.

Ndugu msomaji, ndiyo maana nasema jambo hili si la mbao tu.

Fiqhi imesema nini

Sote tunakijua kisa alichokipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikapata unyevu. Alipomhoji mwenye mali, akaambiwa kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini asiuweke juu ule uliolowa ili watu wauone, kisha akatoa onyo kali juu ya kila mwenye kughushi. Tuzingatie kwamba muuzaji yule hakusema uongo kwa ulimi wake. Mvua haikuwa kosa lake. Kosa lake lilikuwa mpangilio: kikavu juu, kilicholowa chini. Mwenye kupaka rangi juu ya ubovu amefanya mpangilio ule ule.

Wanazuoni wetu wameweka hiari ya aibu. Ikidhihirika kasoro inayopunguza thamani ya kitu au kuondoa lengo la kununuliwa kwake, na kasoro hiyo ilikuwapo kabla ya kukabidhiwa, mnunuzi ana haki ya kukirudisha na kurejeshewa thamani yake, ili mradi asichelewe bila udhuru baada ya kuijua. Ama kauli ya "uliona ukanunua", katika madhehebu yetu ya Shafii haimwokoi muuzaji aliyeijua kasoro akaificha. Hata sheria ya nchi haiko mbali na hapo, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya Tanzania inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara.

Wala wajibu haumhusu muuzaji peke yake. Sahaba Wathila bin Al-Asqa' (R.A.) alikuwapo ngamia mmoja alipouzwa, naye akajua kuwa unyayo wa mnyama yule una tundu. Hakuwa muuzaji, wala hakuulizwa. Alimfuata mnunuzi na kumweleza, hata muuzaji akalazimika kupunguza bei, naye Wathila akalaumiwa kwa kuiharibu biashara ya mwenzake. Jawabu lake lilikuwa kwamba wameahidi kwa Mtume (S.A.W.) kumtakia kheri kila Mwislamu. Mimi niliyesimama hatua tatu na brashi mkononi nilikuwa na nafasi ile ile ya Wathila, na sikuitumia.

"Tukisema, hatutauza"

Nawajua mafundi wetu, na wengi ni watu wema wenye familia. Nikizungumza nao, wa Keko na kwingineko, hunijibu: "Sheikh, tukitaja kila kiraka hakuna atakayenunua, na jirani anayenyamaza ndiye atakayepata mteja." Hoja hii si ya kubezwa. Kodi ya karakana haisubiri, na mteja anayeomba bei ya chini na uzuri wa juu kwa pamoja naye ana sehemu yake ya lawama.

Lakini tutofautishe. Hakuna anayemtaka fundi ataje kila tundu la msumari, wala kukipamba chombo si udanganyifu. Mtu anaposugua, akapaka na kung'arisha mbao nzima, ameongeza thamani, na ana haki ya kulipwa kwa jasho lake. Kinachotakiwa kutajwa ni kile ambacho mnunuzi akikijua atapunguza bei au ataacha: mguu uliokatwa na kuungwa, wadudu waliokwisha kutiwa dawa, ubao wa mgongo uliobadilishwa, au sindano iliyotiwa rangi ya kuzama ikafanana na mninga. Hili la mwisho limeenea sana. Kuitia sindano rangi ya mninga si haramu. Kuiita mninga ndiko haramu.

Njia za kusema ni nyepesi. Simu zetu zina kamera: fundi apige picha ya chombo kikiwa kitupu, kabla ya puti na rangi, amwonyeshe mteja. Pale palipoungwa, upande wa ndani uachwe bila rangi ili mwenye kutaka aone. Katika risiti iandikwe aina ya mbao na kilichobadilishwa. Mteja atakayekimbia leo kwa sababu ya ukweli ni yule ambaye angerudi kesho na ugomvi. Na baraka ya biashara, kama alivyopokea Hakim bin Hizam (R.A.), imefungamanishwa na ukweli na ubainifu wa pande zote mbili; uficho na uongo huifuta.

Chombo cha marehemu ni cha nani?

Jambo la mwisho, nalo ndilo linalosahaulika zaidi. Kabla hatujaulizana rangi gani, tuulizane mali ya nani. Kabati la marehemu ni sehemu ya mirathi kama ilivyo nyumba na shamba. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia usiozidi theluthi, kila mrithi ana fungu lake katika kabati hilo, hata yule binti aliyeolewa mbali, hata yatima aliye mdogo. Kaka mkubwa hana idhini ya kulitoa uani na kuliuza kwa sababu tu yeye ndiye mwenye sauti. Vilevile, chombo alichokuja nacho mke kutoka kwao, au alichokinunua kwa mali yake, ni chake. Mume akifariki hakigawanywi kwa ndugu wa mume.

Warithi wakiridhiana, mmoja wao anaweza kukichukua kwa thamani yake na kuwalipa wenziwe, akakikarabati kwa gharama yake, na kikabaki katika ukoo. Mimi hulipendelea hilo. Mtoto anayelisugua kabati la nyanya yake atakuta chini ya rangi ya kijani kuna ya buluu, na chini ya buluu kuna vanishi ya kwanza. Atauliza nani aliipaka na lini, na wazee watamweleza habari za watu ambao asingewajua.

Alichonijia nacho yule mama

Wiki iliyopita yule mama alinijia tena baada ya darsa. Kaka zake walinuna, lakini walikubali. Kijana na mchumba wake waliitwa wakaonyeshwa kabati likiwa limelazwa chini, mguu ule ukitazama juu. Fundi akaukata mbele yao na kuunga mbao mpya ya mninga. Hawakupaka rangi nyeusi tena. Vanishi ya zamani iliondolewa, ikapakwa rangi ya kuzama, na kiungo kinaonekana kama mstari mwembamba juu ya kifundo cha mguu. Bei ilishuka chini ya ile waliyoitarajia. Kaka mmoja hadi leo anaihesabu ile tofauti kila wanapokutana. Fedha zimegawanywa kwa warithi wote, naye amepata fungu lake.

"Ila Sheikh," akaniambia, "yule binti alinishika mkono akasema, 'Mama, sasa nimejua ninachokwenda nacho.'"

Nilitamani binti wa mwaka 1986 naye angeweza kulisema neno hilo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu Mtukufu atusamehe tuliyoyaficha, awalipe kheri tuliowadhulumu tusipowapata kuwaomba radhi, na atujaalie mikono yenye kutengeneza na ndimi zenye kubainisha. Amin.

Wabillahi Tawfiq.